Daraja la Vijiti: Tuchague Mti Gani?

Waliokuwapo siku ya taaluma waliona daraja letu la mfano likikatika kabla ndoo ya mchanga haijafika nusu. Vijana walilihangaikia wiki tatu. Baadhi ya wazazi waliondoka wakilaumu gundi, lakini gundi haikuwa na kosa. Tulikosea mti.

Katika mashindano ya namna hii mshindi si daraja linalobeba mzigo mkubwa kuliko yote, bali linalobeba mzigo mkubwa kwa kulinganisha na uzito wake lenyewe. Daraja la gramu 50 likibeba kilo 10, limebeba mara 200 ya uzito wake. La gramu 200 likibeba kilo 20, ni mara 100 tu.

Sisi tulichukua masalia ya mninga kwa seremala hapa Kongowe (hii yetu ya Kibaha, si ile ya Mbagala). Mninga ni mbao ya heshima kwa milango na vitanda. Lakini ni mzito, zaidi ya kilo 600 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo ili tusizidishe uzito tulilazimika kuchonga vijiti vyembamba mno.

Hapo ndipo penye siri. Shika njiti ya ufagio wa chelewa, uibane kutoka ncha zote mbili. Haipondeki, inapinda. Ikate nusu, nayo itastahimili mara nne zaidi kabla ya kupinda. Na kijiti cha mraba kikiongezwa unene mara mbili, kinastahimili mara 16. Basi kwa uzito uleule, mti mwepesi unakupa kijiti kinene, na unene ndio unaozuia kupinda. Ndiyo maana wanafunzi wa nchi nyingi hutumia balsa, mti wa Amerika ya Kusini wenye takribani kilo 160 tu kwa mita ya ujazo. Kwa magogo ya balsa Thor Heyerdahl alivuka Pasifiki mwaka 1947, kutoka Peru hadi visiwa vya Polinesia.

Balsa haipatikani kwa maseremala wetu, wala hatuoni sababu ya kuiagiza. Msufi ni mwepesi. Huoza na kuliwa na wadudu upesi, lakini kwa daraja la siku moja hilo si neno. Mhimili wa kuti la mwale nao ni mwepesi sana. Paini ya Sao Hill, Mufindi, ni nzito kuliko hiyo miwili, ila hupatikana kirahisi na hupasuka kwa unyoofu.

Tusisahau kwamba vijiti vya chini ya daraja havibanwi, vinavutwa. Kinachovutwa hakipindi, hivyo hapo unene si kitu. Ukanda mwembamba wa mwanzi unatosha. Kwanza lakini someni kanuni, maana mashindano mengine huruhusu aina moja tu ya mti.

Miti ya aina moja nayo hutofautiana. Kateni vijiti vya urefu na unene sawa, mpime kimoja kimoja, kisha mvipinde kidogo kwa vidole: chepesi kinachokaza ndicho cha kubaki. Chenye fundo, au ambacho nyuzi zake zinakwenda mshazari, kitupeni. Msimu wa mvua vikaushwe ndani kabla ya kupimwa, la sivyo mtakuwa mnapima maji.

Jumamosi baada ya usafi tunaanza na miale. Mwenye mizani ndogo ya jikoni atuazime.