Ua la Dawa, Ua wa Nyumba

Mbwa yule alikuwa amejikunja chini ya meza ya muuza nyanya, na kila alipohama aliacha matone ya damu kwenye vumbi. Muuza nyanya aliniambia ni jike anayetaka dume tu, anavuja hivyo tangu mwezi uliopita. Mwezi mzima ni mrefu mno kwa jambo hilo. Nilipomwinua mkia nikaona kinyama chekundu kilichochanua kama koliflawa, kinachotoka damu kwa kuguswa tu. Sisi tunaotibu wanyama hapa Mazwi, Sumbawanga, ugonjwa ule tunautambua kabla hatujafungua mkoba.

Ni uvimbe wa kuambukiza wa sehemu za siri. Ni saratani, lakini haifanani na saratani tunazozijua. Saratani ya kawaida huota ndani ya mwili wa mgonjwa na hufa pamoja naye. Hii huhama. Chembe zake hai hung'oka kwa mbwa mmoja wakati wa kupandana, au wakati wa kulambana na kunusana, zikajishika kwa mwingine na kuota upya. Mwaka 2019 watafiti wa maabara ya Elizabeth Murchison, Chuo Kikuu cha Cambridge, pamoja na wenzao walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya sampuli 546 za uvimbe huu kutoka nchi 43. Zote ni ukoo mmoja. Chanzo chake ni mnyama mmoja aliyeishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Yeye mifupa yake imeshakuwa udongo, na saratani yake ingali inatembea sokoni Sumbawanga.

Pamoja na ukongwe huo, ugonjwa huu unatibika kuliko karibu saratani nyingine zote za mbwa. Dawa yake, vinkristini, inatokana na ua dogo la rangi ya waridi au nyeupe, lenye petali tano, asili yake Madagaska. Huenda unalo mbele ya nyumba yako na hujui kwamba ndilo linalotoa dawa wanayodungwa watoto wenye saratani ya damu. Mbwa huchomwa kwenye mshipa mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki nne hadi sita, na wengi hupona kabisa.

Lakini ua la dawa peke yake halimponyi mbwa koko. Anahitaji pia ua wa nyumba: mahali palipozungushiwa uzio, penye mtu wa kumwangalia kwa muda wote wa sindano. Hili nilijifunza kwa kosa langu mwenyewe. Mbwa wa kwanza niliyemtibu kwa fedha za michango nilimchoma sindano mbili, nikamwachia arudi alikozoea nikiamini nitampata tena wiki inayofuata. Sikumpata. Miezi miwili baadaye nilimkuta maeneo ya stendi, uvimbe umekuwa mkubwa kuliko mwanzo. Chembe zilizoionja dawa zikasalimika huwa sugu, na safari ya pili ni ngumu zaidi. Fedha za watu zilipotea, na mbwa nilimwacha katika hali mbaya kuliko nilivyomkuta. Tangu siku ile sichomi sindano ya kwanza kabla sijaishika mkononi ya sita na kabla sijajua mgonjwa atalala wapi.

Kumlea kwa muda maana yake si kumfuga. Mlezi hamiliki mbwa. Anamtunza mpaka apone, kisha anamkabidhi. Kazi yenyewe ni ya siku hadi siku. Vinkristini hushusha kinga ya mwili, na siku ya nne hadi ya saba baada ya sindano ndizo za kuogopa. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa amempa mgonjwa wangu kona ya banda lake la zamani la kuku. Alinipigia alfajiri, bado giza. "Daktari, mwanangu, samahani kwa kukuamsha. Mgonjwa wako kakataa dagaa." Hakusema zaidi. Nilipofika kipimajoto kilisoma nyuzi 40.1, wakati joto la kawaida la mbwa haliendi mbali zaidi ya 39. Tulianza dawa za kuua bakteria asubuhi ileile na akapona. Kama angekuwa mitaani, nani angejua kwamba leo hakula dagaa?

Kuna tahadhari ambazo simfichi mlezi. Kwa siku tatu nne baada ya kila sindano, dawa hutoka kwenye mkojo na kinyesi. Safisha ukiwa na glavu, na mama mjamzito asiguse kabisa. Sindano yenyewe ikivuja nje ya mshipa huozesha nyama, kwa hiyo si kazi ya kujaribiwa na mtu aliyeona jirani akichoma ng'ombe.

Nataja ng'ombe kwa sababu ndiko makosa mengi yanakotoka. Mbwa mwenye ukurutu, aliyepukutika manyoya na ngozi ikawa nene kama ya kiatu, mara nyingi hudungwa aivamektini kutoka chupa ya zizini. Dawa ni sahihi, kipimo sicho. Chupa ile imepimwa kwa ng'ombe, mililita 1 kwa kilo 50 za uzito. Kwa mbwa wa kilo 12 kipimo hicho hakifiki hata robo ya mililita, na mtu aliyezoea kujaza bomba humwangusha mbwa kwa nia njema kabisa. Ukimwona mwenye hali hiyo, mwite bwana mifugo. Wewe toa gunia kavu. Mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mbwa asiye na manyoya katika usiku wa Juni hapa Ufipa anaweza kuuawa na baridi kabla ukurutu haujammaliza. Wadudu wa ukurutu huweza kumwasha na binadamu kwa muda, basi nawa mikono na usilale na gunia lake.

Kuhusu kichaa cha mbwa sina mzaha. Usimbebe mbwa usiyemjua ukampeleka kwa watoto wako siku hiyohiyo. Akaguliwe na achanjwe kwanza, kisha akae peke yake, kwa sababu virusi huweza kujificha mwilini kwa wiki au miezi kabla dalili hazijatokea. Akibadilika tabia, sauti ikawa nzito, akashindwa kumeza na akawa anatokwa mate, funga lango na upige simu. Akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, usipake chochote, nenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Wanaodhani njia pekee ni kuwaua mbwa wote waangalie Pemba, ambako kampeni za kuchanja mbwa ziliung'oa ugonjwa huu, na uliporudi ukang'olewa tena kwa kuchanja.

Sasa fedha. Nyumba za kuhifadhi mbwa zinazojulikana ziko mbali nasi: Mbwa wa Africa iko Usa River karibu na Arusha, ZAASO iko Unguja, na KSPCA ya Nairobi imekuwapo tangu 1910. Kutoka hapa hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, na mbwa anayevuja damu hapandishwi basi. Kwa hiyo tunachanga wenyewe. Ninachoomba ni hiki: changieni mbwa mmoja hadi apone, ndipo muanze mwingine. Kidogo kila mwezi kinanisaidia kuliko kikubwa cha mara moja, kwa kuwa ugonjwa huja bila kungoja harambee. Ukiweza, lipa moja kwa moja duka la dawa na risiti ibandikwe kwenye daftari ambalo kila mchangiaji anaruhusiwa kulisoma. Wapo majirani ambao dini yao haiwaruhusu kuweka mbwa ndani, na baadhi yao ndio wanaonunua dagaa na pumba. Hakuna aliyeachwa nje ya kazi hii.

Na akishapona? Aliyepona akirudishwa mitaani akiwa hajafungwa uzazi, anaweza kuambukizwa tena. Gulu, kaskazini mwa Uganda, shirika la The Big Fix Uganda huwatibu, huwachanja na kuwafunga uzazi mbwa waliookolewa, kisha baadhi yao hukabidhiwa watu walioumizwa rohoni na vita vya waasi wa LRA. Mradi huo wa kuwakabidhi mbwa uliasisiwa na Francis Okello Oloya, aliyepofushwa na bomu akiwa mtoto. Kwetu njia ni fupi zaidi: fundi seremala anayehitaji mlinzi wa mbao zake, familia ambayo mbwa wake amezeeka. Mlezi wa muda ndiye anayejua kama mbwa huyu anapatana na mbuzi, anaogopa fagio, au hubweka bila sababu, na maelezo yake ndiyo yanayompatia mbwa makazi.

Yule wa chini ya meza ya nyanya ana uzito wa kilo 14 na hana hasira. Dawa yake yote imeshalipiwa na imo kwenye jokofu langu, imefunikwa isipate mwanga. Sijamchoma bado. Natafuta ua wenye lango linalofungika, kwa wiki sita, kuanzia Jumatatu.