MAFUNZO YA UZIMAMOTO NA HUDUMA ZA DHARURA: NJIA ZAKE NA GHARAMA ZAKE

Kila yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne, vijana wengi wa Unguja na Pemba huonesha hamu ya kuingia katika kazi za kuokoa maisha, ama kwa kuzima moto, ama kwa kuwahudumia majeruhi na wagonjwa wa ghafla. Hamu hiyo ni njema, na Visiwa hivi vinawahitaji vijana wa namna hiyo. Wananchi hawajasahau kuzama kwa meli ya MV Spice Islander I karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba, 2011, na MV Skagit karibu na Chumbe tarehe 18 Julai, 2012, wala kuporomoka kwa sehemu ya jengo la Beit al Ajaib tarehe 25 Disemba, 2020.

Hata hivyo, imekuwa kawaida kwa baadhi ya wazazi kuuza karafuu, ng'ombe au hata kiwanja ili walipie masomo ya mtoto kabla ya kuelewa jambo moja la msingi. Jambo hilo ni kwamba njia mbili hizi hazilipiwi kwa namna moja. Askari wa zimamoto huajiriwa kwanza, kisha hufunzwa na Serikali. Mhudumu wa afya husoma kwanza kwa gharama yake au kwa mkopo, kisha huomba ajira.

NJIA YA ZIMAMOTO

Kikosi cha Zimamoto na Uokozi ni miongoni mwa Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, pamoja na JKU, KMKM, KVZ na Chuo cha Mafunzo. Nafasi za kujiunga hutangazwa rasmi, na tangazo lenyewe ndilo linaloeleza umri, elimu na sifa nyengine zinazotakiwa. Nafasi hizo haziuzwi. Mtu yeyote anayedai fedha ili amuingizie kijana jina lake katika orodha, au ampatie fomu kwa njia ya mkato, anatenda kosa, na mzazi anayetoa fedha hizo naye anashiriki katika kosa hilo.

Kwa hivyo, cheti cha uzimamoto kinachouzwa mitaani hakimpi mtu haki ya kuajiriwa. Fedha za mzazi zina matumizi bora zaidi katika kumkamilishia kijana elimu yake ya sekondari na kumjenga kiafya. Kazi hii inataka mtu awezaye kubeba mpira wa maji na mtungi wa hewa katika joto kali, asiyeogopa urefu wala giza, na ajuaye kuogelea. Mji Mkongwe una vichochoro ambavyo gari ya zimamoto haipiti, na nyumba zake nyingi zina dari za boriti. Hapo askari huvuta mipira kwa mikono, na pumzi yake ndiyo tegemeo la waliomo ndani.

NJIA YA AFYA

Anayetaka kuhudumia majeruhi aghalabu huanza kwa kusomea uuguzi au utabibu. Stashahada ya utabibu huchukua miaka 3, na muombaji hutakiwa awe amefaulu Biolojia, Kemia na Fizikia katika Kidato cha Nne. Masomo ya afya hutolewa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) pamoja na vyuo vyengine vya Visiwani na Bara. Udaktari bingwa wa tiba ya dharura ni hatua ya mbele zaidi, ambayo daktari huifikia baada ya shahada yake ya kwanza. Mafunzo ya ubingwa huo yalianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2010.

Kabla ya kulipa chochote, mzazi ahakikishe mambo mawili. Kwanza, kwamba chuo na kozi yenyewe vimesajiliwa na NACTVET kwa upande wa cheti na stashahada, au vinatambuliwa na TCU kwa upande wa shahada. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa ilhali kozi mojawapo haikupata ithibati. Pili, kwamba mhitimu wa kozi hiyo hukubaliwa kusajiliwa na baraza la taaluma yake, kwani bila ya usajili huo hataruhusiwa kumtibu mgonjwa.

GHARAMA NA MIKOPO

Ada ya chuo si gharama yote. Mzazi aombe kwa maandishi orodha kamili ya malipo: mitihani, sare, vifaa, mafunzo ya vitendo hospitalini, na chanjo ya homa ya ini, ambayo kwa kawaida hutolewa kwa sindano 3 katika muda wa miezi 6. Anayetoka Pemba kuja Unguja aongeze nauli ya boti, kodi ya chumba na chakula. Jumla ya mwaka mmoja izidishwe kwa miaka yote ya masomo, kwani wako wanafunzi wanaolipiwa mwaka wa kwanza wakakwama mwaka wa pili. Malipo yafanywe benki katika hesabu ya chuo, na kila risiti ihifadhiwe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Wanafunzi wa shahada wanaweza kuomba mkopo katika Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa mwaka 2011. Kwa upande wa Muungano, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza katika mwaka wa masomo 2023/2024 kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani zilizopewa kipaumbele, afya ikiwa miongoni mwao. Maombi hupokelewa kwa muda maalum, na ikumbukwe kwamba mkopo ni deni ambalo mhitimu atalirejesha.

KWA WATUMISHI WA UMMA

Mtumishi anayetaka kujiendeleza katika fani hizi asianze masomo kabla ya kupata ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwajiri wake. Aulize mapema iwapo kozi hiyo imo katika mpango wa mafunzo wa taasisi yake, na ni nani atakayelipa ada.

Kwa kijana ambaye bado hajaamua, ni vyema akaanza na mafunzo mafupi ya huduma ya kwanza, kama yale yanayotolewa na Chama cha Msalaba Mwekundu. Humo hufundishwa kuzuia damu na kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ubongo huanza kudhurika katika dakika chache tu unapokosa hewa, na gari ya wagonjwa haiwezi kufika kila kijiji katika muda huo. Kijana atajijua kama kazi hii inamfaa, na hata akichagua nyengine, kijiji chake kitakuwa kimepata mtu wa kukimbiliwa.

Wazazi na walezi wanaombwa kuuliza kwanza na kulipa baadaye.