Kariokor hadi Burma: Vita vya babu zetu vimejificha katika majina ya mitaa

“KARIOKOR mbao! Kariokor mbao!”

Ukisimama stejini asubuhi utamsikia makanga akipaza sauti hivyo. Kule Jogoo Road naye mwenzake anagonga bodi ya matatu ili dereva ashushe abiria Burma. Unashuka, unanunua viatu vya akala au unaketi kungoja nyama iive, halafu unarudi zako nyumbani.

Je, ushawahi kujiuliza kwa nini soko la Eastlands, Nairobi, likaitwa jina la nchi iliyo kule Asia? Na hili neno Kariokor ni la lugha gani?

Jibu ni kwamba majina haya mawili yametoka vitani. Kwa familia nyingi za Kenya, ni kama mnara wa kuwakumbuka watu wao.

Tuanze na Kariokor. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1914, Waingereza waliokuwa wakitawala Kenya walikabiliana na Wajerumani waliokuwa wakitawala Tanganyika. Kule porini hakukuwa na barabara za malori, na wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa kuumwa na mbung’o. Chakula, risasi na hata vipande vya mizinga vilibebwa na binadamu, kichwani na mabegani.

Wapagazi hao waliandikishwa katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Wengi hawakujitolea, walikamatwa vijijini kwa amri ya machifu na maafisa wa serikali, hasa mwaka wa 1917. Ulimi wa Kiswahili uliligeuza jina hilo likawa Kariokor huku Nairobi, na Kariakoo kule Dar es Salaam. Kwa hivyo ndugu zetu wa Dar wakijivunia Kariakoo yao, wajue tuna msiba mmoja.

Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali na malaria, kuhara damu, nimonia na njaa. Wengi walizikwa kando ya njia, bila jiwe wala jina.

Mnamo Aprili 2021, tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita, Commonwealth War Graves Commission, ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Ripoti hiyo ilisema idadi inaweza kufika 350,000.

Hebu tafakari hilo. Kuna familia ambayo mtu wao aliondoka nyumbani na mzigo kichwani, na zaidi ya miaka 100 baadaye hakuna anayejua alilala wapi. Kilichobaki ni steji ya matatu.

Burma nayo ni hadithi ya Vita vya Pili. Safari hii vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo) walivaa sare za King’s African Rifles, yaani KAR. Mwaka wa 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisonga ndani ya Burma kupitia Bonde la Kabaw wakati wa masika, kwenye matope, ruba na malaria, ikiwafukuza Wajapani hadi mto Chindwin.

Wengine hawakufika hata vitani. Mnamo Februari 12, 1944, meli ya SS Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ikielekea Ceylon ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa dakika chache tu. Karibu watu 1,300 walikufa, wakiwemo mamia ya wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Ni msiba ambao ungetikisa nchi nzima leo, lakini muulize rafiki yako yeyote kama ashawahi kuusikia.

Walionusurika walirudi na kitu ambacho serikali ya mkoloni haikukitarajia: undugu. Kule msituni, Mkamba, Mnandi, Mluo na Mnyasa walikula chungu kimoja na kuelewana kwa Kiswahili cha kambini. Mtu aliyekubeba ukiwa na homa hutamuuliza kabila lake tena.

Walikuwa pia wameona mzungu akiogopa, akilia na akifa kama mtu mwingine yeyote. Halafu wakarudi Nairobi na kuambiwa wavae kipande, walale chumba kimoja watu wengi, na wasionekane mjini usiku. Mwaka wa 2019, nyaraka za zamani zilizofichuliwa zilionyesha kuwa hata malipo ya kuagwa jeshini yalipangwa kwa rangi. Mweupe alipata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo sawa na chake.

Waruhiu Itote alikuwa mmoja wa waliopigana Burma. Katika kitabu chake, Mau Mau General, anasimulia mazungumzo na askari Mwingereza kule vitani yaliyomfanya ajiulize anapigania nchi ya nani. Aliporudi alifanya kazi katika shirika la reli, kisha akaingia msituni kupigania uhuru, akajulikana kama Jenerali China.

Bildad Kaggia naye alihudumu jeshini Mashariki ya Kati na kufika Uingereza. Alirudi akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na baadaye mmoja wa wale sita waliofungwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta.

Siasa hizo zilipikwa huku huku mtaani kwetu. Ukumbi wa Kaloleni, ambao vijana wa leo wanaujua kwa mechi na sherehe, ndimo Makhan Singh aliposimama Aprili 23, 1950 na kudai uhuru wa mara moja kwa Afrika Mashariki.

Lakini si kila kumbukumbu ya jeshi Eastlands inasimuliwa kwa sauti. Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga walijaribu kuipindua serikali, na kambi ya Eastleigh ikawa mojawapo ya vitovu vya jaribio hilo. Jeshi lote la anga lilivunjwa. Mamia walifungwa, wengine wakafutwa kazi bila chochote. Kuna nyumba ambazo mzee alirudi bila sare na neno “themanini na mbili” halikutamkwa tena mezani. Watoto walijifunza kutouliza.

Na usidhani haya ni mambo ya wazee pekee. Embakasi kuna kambi ya jeshi, na Kayole, Umoja na Donholm zina majirani wengi ambao baba, mama au kaka yao amewahi kutumwa Somalia tangu KDF ilipovuka mpaka Oktoba 2011. Januari 15, 2016, al-Shabaab walivamia kambi ya El Adde. Serikali haikutoa idadi kamili ya waliouawa. Uchunguzi wa CNN mwaka huo ulitaja wanajeshi wasiopungua 141.

Wapagazi wa 1917 walikosa majina kwenye makaburi. Jamaa za waliokufa El Adde walikosa takwimu. Miaka 99 imepita katikati, na swali la familia ni lile lile: mtu wetu alikufaje, na nani anajua?

Ndiyo maana ukiwaona wazee waliostaafu jeshini wameketi pamoja wakicheza drafti, wakiitana “afande” na kucheka jambo ambalo wewe hulielewi, usiwaone kama watu waliokwama zamani. Kila mmoja ana hakika kuwa mwenzake hatamuuliza maswali ya kipumbavu. Akifa mmoja, wenzake ndio wanaojua ukweli wa kumwambia mjane wake.

Sasa fanya hesabu. Kijana aliyekuwa na miaka 18 wakati wa Burma alizaliwa 1926, kwa hivyo karibu wote wameshatuacha. Hadithi zao zimebaki kwa watoto wao, na hao pia sasa ni shosho na guka.

Una simu mfukoni. Jumapili hii ukienda kusalimia, usirekodi tu kadensi ya TikTok. Muulize nyanya ile medali kwenye sanduku ni ya nani. Piga picha cheti cha kuachishwa jeshi, kina nambari na kikosi. Andika nyuma ya picha ya zamani nani yuko kushoto na nani yuko kulia. Akisema “mambo ya zamani hayo, mjukuu wangu,” mwekee chai nyingine, unyamaze, usubiri.

Kisha siku makanga akiita “Kariokor mbao!”, utakuwa na jina moja la kulijibu.