Kiolezo cha Kukatia Miguu ya Meza

Fundi wa Kigogo achongaye kigoda kwa tezo hukitoa chote katika pande moja la mti, na jicho lake latosha kumwongoza. Mguu mmoja ukizidi mwingine unene kidogo, hakuna alalamikaye. Meza ya kuungwa ni jambo jingine: miguu yake minne hukatwa mbalimbali, na tofauti yoyote huonekana mara inaposimamishwa sakafuni.

Achukuliwe fundi wa Mkonze, kata iliyomo katika Jiji la Dodoma, aliyeagizwa meza yenye miguu inayopungua unene kutoka milimita 50 juu hadi milimita 30 chini. Urefu wa mguu ni milimita 720. Milimita 120 za juu huachwa mraba, maana ndipo yatobolewapo matundu ya kupokea ndimi za fremu. Mteremko huanzia hapo na kushuka milimita 600. Upungufu wa milimita 20 katika milimita 600 ni uwiano wa 1 kwa 30. Mwanafunzi aliyekwisha kufundishwa tanjenti ataona kwamba pembe hiyo haifiki hata digrii 2. Ni takriban digrii 1.9.

Hapo ndipo kipimapembe kinapompotosha mtu. Kosa la nusu digrii ni rahisi kulifanya kwa chombo kidogo cha shule, lakini katika umbali wa milimita 600 kosa hilo hufikia zaidi ya milimita 5, yaani zaidi ya robo ya upungufu wote uliokusudiwa. Kiolezo kizuri hakipimi pembe kabisa. Hutumia vipimo viwili vya urefu, ambavyo rula ya kawaida yaweza kuvipata bila taabu.

Msingi wa kiolezo ni kipande cha plaiwudi chenye unene wa milimita 18, urefu wa milimita 900 na upana wa milimita 210. Ukingo wa mashine, yaani ile reli ambayo mbao huegemezwa wakati wa kusukumwa, hukazwa milimita 200 kutoka kwenye msumeno wa mviringo. Kisha plaiwudi hupitishwa, na msumeno huondoa ziada yote. Tangu hapo ubavu uliokatwa ndio njia yenyewe ya msumeno: chochote kinachochomoza nje yake kitakatwa, na kilicho ndani kitabaki. Kwa urahisi huu kiolezo hiki chastahili kupendelewa kuliko kile cha mbao mbili zilizofungwa bawaba, ambacho humrudisha fundi kwenye kupima uwazi wa pembe kila mara.

Mguu wa kwanza hupigwa mstari kwa penseli, kisha hulazwa juu ya plaiwudi hadi mstari huo ulingane na ubavu. Ubao mnyoofu hupigwa skrubu nyuma yake, na kipande kifupi huwekwa mwishoni, upande wa msukumaji. Hakiwekwi upande wa pili, kwa sababu meno ya msumeno huusukuma mti kuelekea kwa mtu. Kipande hicho ndicho kinachoupokea msukumo huo. Vipande viwili vinavyokazwa kwa bolti huubana mguu kutoka juu. Mkono haushiki mguu hata kidogo, nao mguu hufungwa na kufunguliwa mashine ikiwa imezimwa. Faida hii ni kubwa kuliko usawa wa vipimo, kwani mti mwembamba unaoshikwa kwa vidole huweza kugeuka ghafla na kuuvuta mkono kwenye meno.

Miguu mitatu iliyobaki haihitaji kupimwa. Kila mmoja huwekwa palepale. Meza nyingi hupunguzwa pande mbili za ndani tu. Kwa upande wa pili mguu huzungushwa robo mzunguko, na uso uliokwisha kukatwa ni lazima utazame juu, ili uso mnyoofu ulale sawasawa juu ya msingi.

Hali ya hewa nayo ina neno. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na mbao za msindano zitokazo Sao Hill, wilayani Mufindi, hutoka kwenye nyanda za baridi na unyevu zaidi. Zikikatwa kabla ya kukauka vya kutosha, husinyaa kwa upana na huweza kupinda baada ya meza kuuzwa. Plaiwudi husinyaa kidogo sana kwa upana, kwa kuwa nyuzi za tabaka moja huikingama tabaka inayofuata. Ndiyo maana inafaa kuwa msingi.

Shule isiyo na mashine yaweza kukata ubao mwembamba kwa uwiano uleule wa 1 kwa 30, kuutumia kupigia mistari, kukata nje ya mstari kwa msumeno wa mkono na kumalizia kwa randa. Penye mashine, yafaa tarakimu 200 iandikwe kwa wino juu ya kiolezo. Ukingo ukirudishwa penginepo, ubavu wa plaiwudi hauonyeshi tena njia ya msumeno.