Kifurushi kikipotea njiani, fidia ni ya nani?

Swali hili linatujia sana Ijumaa, siku ambayo wengi wetu hapa Al Wakrah tunapata nafasi ya kutoka: nimetuma mzigo nyumbani, haujafika, nani atanilipa?

Jibu linaanzia dirishani, siku unayotuma. Barua ya kawaida isiyo na namba ikipotea, posta hailipi kitu. Zinazolipwa ni barua ya rejista, kifurushi na kilichokatiwa bima. Ndivyo zinavyosema kanuni za Umoja wa Posta Duniani, na Qatar, Kenya, Tanzania na Uganda zote ni wanachama.

Lakini usitarajie makubwa. Fidia huhesabiwa kwa SDR, kipimo cha Shirika la Fedha Duniani. Rejista iliyopotea ni SDR 30, karibu riyali 145. Kifurushi ni SDR 40, ukiongeza 4.5 kwa kila kilo. Kwa hiyo kilo 5 za nguo, viatu na saa ulizonunua kwa riyali 1,200 zikipotea, kikomo ni kama riyali 300, pamoja na gharama ya kutuma. Hizo nyingine zimekwenda. Ndiyo maana tunasema uliza bima kabla ya kulipa, na utaje thamani ya kweli. Noti ndani ya bahasha isiyo na bima? Kwa kawaida hairuhusiwi.

Wengi tunaumia hapa: mama anahangaika posta ya Kisumu au Tanga, kumbe mwenye haki ya kudai ni wewe uliyetuma, na risiti unayo wewe. Una miezi 6 tu tangu kutuma. Anza na posta uliyotumia. Wakikuzungusha, msimamizi wa huduma za posta Qatar ni Mamlaka ya Udhibiti wa Mawasiliano, CRA. Kikifika kimepasuka, mwambie wa nyumbani asikipokee kimyakimya. Uharibifu uandikwe palepale posta.

Kago ya mtaani si posta. Kanuni hizi haziwagusi, unabaki na maneno ya ile karatasi yao, basi isome kwanza.

Na kama mkataba wako unaisha kabla mzigo haujafika, andika barua ya kumwachia haki yako aliyetumiwa, umpe na namba ya risiti. Kanuni zinaruhusu. Fanya hivyo kabla hujapanda ndege.