Kumi bob kila jioni, na ada ya SHA inalipika

Ada ya chini kabisa ya SHA kwa mtu asiye na mshahara ni shilingi 300 kwa mwezi. Si nyingi, mpaka ukumbuke kwamba watu wa boda, mama mboga na mafundi wa jua kali wanatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo: 3,600. Hapo ndipo wengi wetu husema, "Aah, nitalipa mwezi ujao." Halafu mtoto anazidiwa usiku wa manane, na bili ya kulazwa haijui mambo ya mwezi ujao.

Sasa gawanya hiyo 3,600 kwa siku 365. Haifiki hata 10 bob kwa siku. Ukiweka 10 kila jioni, mwaka ukiisha una 3,650. Kama SHA ilikukadiria 600 kwa mwezi, weka 20.

Mimi nilianza vibaya. Nilijipangia 100 kila siku, nikapiga hesabu kwamba siku 36 tu nimemaliza kazi. Siku ya tisa tokeni za stima ziliisha. Ya kumi kulikuwa na mchango wa matanga. Ya kumi na moja nilitoa zote, nikaacha kabisa. Mara ya pili nilianza na 10, pesa ambayo hata siku mbaya haikosekani.

Kilichonisaidia zaidi ni kufunga hiyo 10 kwenye jambo ninalofanya kila siku bila kufikiria: kuweka simu chaji kabla ya kulala. Kabla sijachomeka waya, natuma 10 kwa akiba. Wewe unaweza kuchagua kufunga kibanda, kupaki piki, au kumaliza chai ya jioni. Kumbukumbu ya simu ni sawa, lakini tunajua vile huwa tunaizima.

Itachukua muda gani kuzoea? Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja na tabia moja mpya, kama kunywa maji wakati wa chakula cha mchana. Kwa wastani ilichukua siku 66 hadi mtu aifanye bila kujisukuma. Wengine siku 18, wengine ilikadiriwa wangehitaji 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hivyo ukisahau jana, usijitoze faini ya 20 leo. Weka 10 yako tu uendelee.

Mambo machache ya simu. Pesa hii isikae pamoja na ile ya matumizi, itaenda na nyanya na nauli. Ihamishie akaunti ya akiba, na kwanza uangalie kama kuhamisha kuna makato, maana 10 haiwezi kubeba ada. Kama kuna sehemu ya kufunga akiba hadi tarehe fulani, itumie, hasa kama unajijua.

Lakini tusidanganyane: akiba si bima. Hadi ulipe ile ada nzima, hospitali kubwa itakudai mfukoni. Ndiyo maana siku ambayo biashara imeenda poa, ongeza 50 au 100 juu, ufike mapema. Ile 10 ibaki palepale.

Na kuna hatua ndogo hata kuliko hiyo, ya bure. Kama hujajiandikisha, piga *147# leo. Ukishaingia, huduma za zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3 zinalipiwa na serikali hata kabla hujachanga. Fanya mwenyewe kwa simu yako. Yeyote anayekuomba PIN ili "akusaidie kujisajili" ni mwizi.

Hiyo 50 inayobaki mwisho wa mwaka? Ni jioni tano za kwanza za mwaka unaofuata, tayari zimelipwa.