Saratani ya matiti: Pima uvimbe kabla ya kuanza dawa

WANAWAKE wengi wanaopatikana na saratani ya matiti hushtuka daktari anapowaambia kwamba watapewa dawa kwa miezi kadhaa kabla ya kupasuliwa. Kwa nini uvimbe usiondolewe mara moja?

Sababu ni kwamba dawa hizo zinaweza kuupunguza uvimbe, na mama ambaye angekatwa titi zima huenda akakatwa sehemu ndogo tu. Utafiti uitwao B-18, ulioanza Amerika Kaskazini mwaka wa 1988 na kushirikisha wanawake 1,523, ulionyesha kuwa waliopewa dawa kabla ya upasuaji waliishi muda sawa na waliopewa baadaye.

Hata hivyo, si kila uvimbe husalimu amri mbele ya dawa. Ili kukisia mapema utakavyoitikia, daktari hutoa kipande chake kwa sindano na kukipeleka mahabara. Huko huchunguzwa mambo matatu: vipokezi vya homoni ya estrojeni, vipokezi vya projesteroni, na wingi wa protini iitwayo HER2.

Tofauti si ndogo. Mnamo 2014, jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa wagonjwa karibu 12,000. Miongoni mwa wenye uvimbe wa homoni usio mkali na usio na HER2 nyingi, saratani ilitoweka kabisa kwa takriban 8 kati ya kila 100. Kwa wasio na lolote kati ya hayo matatu, ilitoweka kwa karibu 34. Wenye HER2 nyingi bila vipokezi vya homoni, waliopewa pia trastuzumabu, walifikia nusu.

Mwenye uvimbe wa homoni asife moyo. Silaha yake kuu ni tembe za kuzuia homoni, kama vile tamoksifeni, ambazo humezwa kwa miaka kadhaa.

Isitoshe, makisio hayo ni ya kundi, si ya mtu mmoja. Ndiyo maana daktari huendelea kuupima uvimbe matibabu yakiendelea. Ukizidi kukua, dawa hubadilishwa au upasuaji huharakishwa. Na saratani ikisalia baada ya upasuaji, bado kuna njia: mwaka wa 2017, utafiti wa Japani na Korea Kusini ulionyesha kuwa wagonjwa wa aina hiyo wasio na HER2 nyingi waliishi zaidi walipoongezewa kapesitabini.

Nchini Kenya, ambako saratani ya matiti inaongoza kwa idadi ya wagonjwa wapya, kila mama anapaswa kuuliza majibu ya vipimo hivyo vitatu kabla ya kutundikiwa chupa ya kwanza ya dawa. Ahifadhi nakala yake pia. Dawa ikifanya kazi vizuri, huenda kusibaki kipande cha kupimwa, na daktari akakosa kujua ni tiba ipi inayofaa kufuata.